Piki Piki ya Lokwang Inakohoa

Jumanne, tarehe 1 mwezi wa tatu, 1983

Mwanangu Lokwang amerudi juu ya lori. Piki piki imelazwa katikati ya mbuzi. Nilipoona lori na sikusikia ule mlio wa piki piki, nilitoka mbio bila viatu. Kumbe ni mzima! Vumbi tu mpaka kwa nyusi.

Anasema ilikohoa, ikakohoa, ikazimika njia ya Kulamawe, mahali hakuna hata mtu wa kumwomba maji. Nikauliza, na simba je? Akacheka. Mama, simba hawanywi petroli.

Piki piki si yake. Ni ya mradi wa mifugo. Ndefu kama ngamia, magurudumu yenye meno, ya kupita mchangani na juu ya mawe. Anabeba nayo dawa ya chanjo ya ng'ombe ndani ya sanduku la barafu. Ni kazi yake ya kwanza tangu atoke shule. Mimi shule yangu ni ngumbaru tu, ile ya watu wazima, kwa Mwalimu Gakii. Yeye ndiye alisema tuandike kila siku mkono usisahau. Basi naandika.

Amekula, akaongeza, akalala. Mungu anisamehe, nimefurahi kidogo imeharibika.

Jumatano, tarehe 2

Nimeenda naye kwa fundi Kinyua, yule Mmeru nyuma ya soko. Hakuna aliyeniita. Nilibeba mandazi ili nisifukuzwe.

Shida iko kwa kabureta. Sikujua piki piki ina tumbo! Petroli inaingia huku, hewa huku, vinachanganyika, ndipo vinaenda kuchomwa. Chini kuna kibakuli. Ndani kuna kitu wanaita jeti — tundu jembamba, hata uzi wa kushonea unapita kwa shida. Ikizibwa, piki piki inakosa pumzi. Nilishika mkononi. Kitu kidogo hivi ndicho kinamwacha mtoto wangu porini!

Ilikuwa imejaa uchafu mweusi. Kinyua akapuliza na mdomo, akatema mate, akasema petroli ya siku hizi ni takataka. Nikamuuliza hiki, nikamuuliza kile. Akasema, Mama Lokwang, sema tu kama unataka kazi yangu.

Jioni tukajaza tanki kutoka kwa mkebe wangu. Ule wa bati, wa maziwa, wenye kifuniko kinachobana. Jerikeni ya mradi ilipasuka mwezi uliopita, nikampa wangu awekee petroli ya akiba. Nilikuwa nimeutayarisha vizuri sana, kuliko hata wa maziwa. Angalau nami nimo kwa hii kazi.

Alhamisi, tarehe 3

Imekohoa tena! Hakufika hata kwa kizuizi cha polisi.

Bwana Hezekiah, mkubwa wa mradi, amekuja mwenyewe nyumbani. Hakukaa. Ng'ombe wa Merti watakusanywa mtoni Jumapili ya tarehe 13. Dawa isipofika, piki piki na kazi anapewa Wario wa kule kule Merti. Alisema polepole tu, na ndiyo ilinitisha. Mtu akipiga kelele najua atapoa.

Kinyua anasema kabureta imechoka, iletwe mpya. Bwana Hezekiah amekubali kuagiza Nairobi.

Jumapili, tarehe 6

Kanisani. Niliombea kabureta. Sikusema kwa sauti.

Jumatatu, tarehe 7

Imefika na basi! Ndani ya boksi, imefungwa karatasi ya mafuta, inang'aa kama sufuria ya harusi. Kinyua ameifunga kwa piki piki. Lokwang akapiga kiki mara moja tu — ikaitika! Mlio safi, hauna kigugumizi. Akaenda njia ya Kipsing akarudi, meno yote nje. Nikapiga vigelegele barabarani kama mjinga.

Tumejaza tanki kutoka kwa mkebe. Kesho anaijaribu mbali.

Jumanne, tarehe 8

Siku gani hii!

Mpya nayo imekufa. Lokwang ameisukuma kutoka ng'ambo ya kizuizi, jua la saa sita, watu wanamwita punda. Hakuniangalia. Kinyua amesema maneno ya Kimeru ambayo sitauliza maana. Akafungua kibakuli. Ndani kweusi tena! Akasugua kati ya vidole. Huu si mchanga, akasema. Mchanga unakwaruza.

Wakati huo Istar akapita na maziwa yake ya kuuza. Salaam aleikum, mnatazama nini kama maiti? Akachungulia. Akachovya kidole, akanusa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, maziwa karibu yamwagike. Mama Lokwang, umeitia piki piki moshi!

Nikajua. Chombo cha maziwa si tunakitia makaa ya moto ndani, tunatikisa, kinanukia, maziwa hayaharibiki? Huo mkebe nimeutia moshi tangu Lokwang anatambaa. Na siku ya kumpa, nikaurudia mara mbili, kwa sababu ni wa mtoto wangu. Masizi yote ya miaka yameshika pale ndani. Petroli imeyaosha yote, ikayapeleka kwa jeti.

Nilitaka ardhi inimeze. Halafu Lokwang akasema, kwa hivyo fundi, hata petroli yangu haiwezi kuganda? Wakaangua kicheko wote! Kinyua anasema tangu azaliwe hajawahi kuosha kabureta ya maziwa.

Tumeosha tanki, bomba, na kabureta zote mbili. Kumbe ile ya zamani haikuwa na kosa lolote. Istar ameshaeneza habari soko zima. Wacha waseme. Leo nimecheka kuliko mwaka wote.

Alhamisi, tarehe 10

Kinyua amemwambia Lokwang hatatoka hapa kabla hajajua kuifungua mwenyewe. Kutwa nzima wamefungua na kufunga kwenye gunia. Nami nilikaa juu ya debe wanalotilia plagi mbovu za piki piki. Sasa najua kusikiliza. Kumbe jeti ziko mbili! Ikisimama inanguruma vizuri lakini ukiivuta mafuta inakohoa, ni jeti kubwa imeziba. Ikikataa kutulia, ni ile ndogo. Kinyua amenijaribu, nimepata!

Petroli imewekwa kwa jerikeni mpya.

Jumamosi, tarehe 12

Ameondoka asubuhi, sanduku la barafu nyuma. Nilisikiliza mlio mpaka ukaisha.

Mchana nikamwona Gedi, dereva wa lori la Merti, anakuja kwangu moja kwa moja bila hata kunawa. Anasema amempita Lokwang mbele ya Kulamawe. Amekaa chini, kabureta imefunguliwa juu ya shati lake, sanduku ameliweka kwenye kivuli. Gedi akamwambia panda nikurudishe. Akakataa. Akasema msalimie mama.

Nikauliza, ilizimika ghafla ama ilikohoa kwanza? Gedi akanikodolea macho. Mama, mimi nilibeba mbuzi, sikuuliza.

Nimefikiria. Mtu ambaye piki piki yake imekufa kabisa hakatai lori. Amekataa kwa sababu anajua ni nini. Labda masizi kidogo yalibaki pembeni. Ama ni kichwa kigumu cha baba yake, ambaye naye angekaa pale mpaka barafu iwe maji. Mara naamini hili, mara lile. Lakini ameniletea salamu. Mwenye shida kubwa haleti salamu.

Sasa hivi Bwana Hezekiah amefika. Gedi ameshamwambia pia. Anataka kwenda ofisini kupiga redio, Wario aje na gari la misheni achukue dawa. Nikamwambia, Bwana, anapuliza jeti tu, ni kazi ya muda mfupi, nimeona mwenyewe. Akauliza, umeona wewe? Nimeona. Leo amekaa, anasema atangoja kikombe kimoja tu! Yuko pale mlangoni anapuliza chai, mimi naandika ili asijue namtazama.

Anaangalia jua. Mimi pia.

Amemaliza kikombe. Namwongezea, yenye maziwa mengi, moto kabisa, ya kunywa polepole —