Mama, Kipande cha Kiti Sikiondoi

Mama yangu,

Huko uliko hakuna runinga, kwa hiyo acha nikupe habari mwenyewe kabla hujazisikia kwa marehemu wengine: mwanao amemweka baba yako kwenye tamthilia aliyoiandika, watu wamemcheka kila kona, na ukoo umenikasirikia. Jumapili hii kuna kikao Mtinko, nyumbani kwa Mjomba Elia, mdogo wako. Wanataka niombe radhi mbele ya watu, kisha nikiandikie kituo cha runinga barua ili sehemu ya tano ikatwe kabla tamthilia haijarudiwa. Kituo nacho kimesema kitafuata nitakachoandika. Sehemu ya tano, Mama, ndiyo ile ya kiti.

Unakumbuka siku uliyonisimulia? Nilikuwa darasa la sita. Ulikuwa unapeta uwele, upepo ukitujaza makapi hadi kwenye kope. Ukaniambia kwamba Babu alipofanywa jumbe na wakoloni alipewa kofia, viatu vilivyombana, na ahadi kwamba Bwana Shauri mwenyewe, yule mzungu mkuu wa wilaya, angekuja siku moja kukagua barabara. Basi Babu akachongesha kiti. Alipokwenda kwenye baraza, kiti kilikwenda. Alipokwenda kukagua mashamba, kiti kilikwenda. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, hata yeye, maana Bwana Shauri angeweza kutokea ghafla akakosa pa kukaa. Miaka ikapita, Bwana Shauri hakutokea. Babu akawa anaamua kesi za watu akiwa amesimama kando ya kiti kitupu, miguu ikimwaka moto ndani ya vile viatu.

Nilicheka hadi nikamwaga uwele. Wewe hukucheka. Uliweka ungo chini ukaniuliza, "Hicho kiti unafikiri kilikuwa kinatembea chenyewe?"

Kilibebwa kichwani na Bibi. Ulinionyesha jinsi alivyotembea, shingo wima, mikono miwili juu. Ndiyo maana mpaka anakufa, ukimwita kwa nyuma alikuwa anageuka mwili mzima kukuitikia. Nami nilidhani ni madaha ya uzee!

Sasa sikia walivyoipokea. Siku ya gulio nilikwenda Ikungi, nikalipa kiingilio kwenye kibanda umiza kama mtu baki, nikaangalia pamoja na wateja. Muuza vitunguu aliyekaa mbele yangu alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Akamgeukia mwenzake, "Huyu jumbe namfahamu. Si ndiye tuliyempigia kura?" Kibanda kizima kikalipuka. Lakini yule mama mbeba kiti kwenye runinga alipoitwa, akageuka mwili mzima, kicheko kikakatika. Muuza vitunguu akajishika shingo.

Wakubwa nao wakaanza kulalamika. Wenyeviti wa vijiji vitatu wamenipigia simu kwa nyakati tofauti, kila mmoja akidai kwamba jumbe wangu ni yeye. "Nani kakutuma?" wananiuliza. Niliwajibu kwa adabu kwamba jumbe ni marehemu babu yangu, nikawauliza wao wana viti vingapi. Hawajapiga tena.

Mchambuzi mmoja gazetini ameandika kwamba sijui ninachotaka, kwamba hadithi yangu inashindwa kuamua kama ni kichekesho au msiba. Maskini, huyu hajawahi kuzika kwetu. Angekuwepo siku tuliyokuzika wewe! Watani walikuja kutoka Manyoni, na mama mmoja akajilaza mbele ya jeneza akisema huendi popote mpaka urudishe ungo wake. Akaigiza ulivyokuwa ukikagua mboga za watu sokoni huku umebana midomo. Tulikuwa tunalia na mbavu zinatuuma. Mjomba Elia alicheka mpaka akashikwa asianguke kaburini. Hakuna aliyesema umedhalilishwa. Tulirudi nyumbani tukihisi umezikwa na watu wanaokufahamu.

Mjomba huyohuyo, wiki iliyopita, nilimwamkia shikamoo barabarani akanipita kama anayepita nguzo. Hilo limeniuma, Mama, sikufichi. Ndiye aliyenifundisha kusoma saa. Baadaye akanitumia maneno kupitia kwa mkewe: "Mwambie ametuvua nguo hadharani. Mzee wetu alikuwa mtu mkubwa."

Alikuwa mkubwa, sawa. Mimi nilimpenda. Alikuwa akiniita mke wake mdogo, nami namvuta ndevu, namvalia kofia yake, natembea kwa maringo uani huku ninyi watoto wake mkiinamisha macho. Siku ile ya uwele nilikuuliza mbona wewe huicheki hadithi ya kiti. Ukasema, "Yule ni baba yangu, mwanangu. Siwezi kumcheka. Wewe ni mjukuu, ni mtani wake. Wewe cheka." Ukaokota ungo ukaendelea na kazi, na ulikuwa unalia.

Kwa hiyo wasinifundishe heshima. Ruhusa ninayo, tena ninayo mara mbili: ya damu na ya mdomo wako. Mtoto wa jumbe analazimika kunyamaza, na ninyi mlinyamaza vya kutosha. Kama kumsema aliyemtwika mkewe kiti kisicho na mkaaji ni utovu wa adabu, basi mimi sina adabu, na sitafuti.

Barua ya kituo nimeshaandika. Sehemu ya tano isikatwe hata sekunde moja.

Ila Jumapili nitaomba radhi, Mama. Nitasimama mbele ya Mjomba na ukoo mzima niombe radhi kwelikweli, kwa sababu nilipokuwa naandika barua ile niligundua kosa langu. Wote walionilalamikia, wenyeviti, ukoo, hata Mjomba ambaye Bibi ni mama yake mzazi, wananigombeza kwa ajili ya Jumbe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kiti kilibebwa na nani. Nikafungua orodha ya wahusika nione nilimwitaje. Nimeandika "Mke wa Jumbe". Basi. Mimi, mjukuu wake, niliyelala mgongoni mwake, nimembebesha kiti tena mbele ya nchi nzima na jina sikumpa.

Nimewaandikia wabadilishe hilo tu. Tamthilia ikirudiwa, sehemu ya tano itafunguka kwa jina lake peke yake, herufi kubwa, kabla Jumbe hajatokea: MONIKA.

Pumzika, Mama. Kikao nakiweza.

Ni mimi mwanao,
mjukuu wa Monika.