Dawa ya Josho Ndani ya Mbeta

Kijiji cha Mdandu,
Posta ya Njombe,
Tanganyika.
21 Februari, 1954

Mpendwa mdogo wangu Enoki,

Kamwene, mwana wa mama. Habari za huko Muheza, habari za mkonge na jua lake? Miguu ile iliyokuwa ikikuvimba imepoa, au bado unaikokota kwenda kazini huku unatuandikia kwamba hujambo? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mvua haikatiki, mahindi yamefika kiunoni, na mianzi inatoa pombe yake ya ulanzi kwa wingi kama vile haijui shida tuliyo nayo.

Najua ukiona bahasha imenona hivi moyo utakuruka, kwa hiyo nakuambia kabla hujageuza karatasi: mwanao Ema yu hai. Amekaa hapa mlangoni, amejifunika blanketi langu, ananitazama ninavyoandika. Sasa tafuta mahali ukae usome. 

Ulipoondoka ulituachia viumbe wawili wa kutunza, mtoto aliyefiwa na mama yake, na yule mbwa wako. Nilikuuliza wakati ule kwa nini umempa mbwa jina la Watasema, ukacheka tu. Basi wamesema, Enoki, tena wamesema sana.

Tangu mavuno yaliyopita mbwa alishikwa na ukurutu. Ulianza kwenye ncha za masikio, ukashuka kwenye viwiko na tumbo, manyoya yakanyonyoka, ngozi ikawa nene yenye magamba. Alikuwa anajikuna mpaka damu. Jirani yetu Priska alisema apigwe rungu afukiwe, maana anatia aibu hata kupita naye njiani. Mimi, nikuambie kweli, sikubisha sana.

Aliyekataa ni Ema. Unamjua mwanao. Tangu mama yake azikwe amezoea kulala jikoni ameegemea ubavu wa mbwa yule, na nikimhamishia kitandani asubuhi namkuta amerudi kulekule. Alisema mbwa akiuawa hatakula, na siku ile kweli hakula. Kisha nikaona naye ana vipele katikati ya vidole, anajikuna kama rafiki yake. Hapo nikajua lazima mbwa atibiwe, la sivyo nyumba nzima tutajikuna.

Priska akaniletea oili chafu inayomwagwa na malori pale Makambako. Kila mtu huku ataapa kwamba ndiyo dawa. Tukampaka. Watasema akajilamba, akaharisha, ngozi ikambabuka, na ukurutu ukabaki palepale. Tungekoma hapo tungekuwa na akili.

Shemeji yako Filemoni bado anafanya kazi kwenye josho la mzungu mmoja karibu na Makambako, hurudi nyumbani mwisho wa juma. Yeye huwaona ng'ombe wakitumbukia joshoni na kutoka upande wa pili wazima, kupe wote wamekufa. Akawaza kwamba kinachoua kupe hakiwezi kushindwa na ukurutu. Akachota dawa ile nzito, ya kabla haijatiwa kwenye maji, akaja nayo kwa ajili ya mbwa wako. Chupa hakuwa nayo, akaitia ndani ya mbeta.

Wewe uliyezaliwa huku umeshashtuka, najua. Wenzako wa huko wakikuuliza mbeta ni nini, waambie ni kile kipande cha mwanzi tunachokifunga kwenye chipukizi kukinga ulanzi. Na mtu wa huku akiingia nyumbani na mbeta mkononi, anaitundika chini ya upenu pamoja na nyingine. Ndivyo alivyofanya Filemoni. Mkono ulitundika wenyewe, kichwa hakikuulizwa. Alimwambia Ema, "Mbeta hii usiiguse." Lakini kila mbeta ya Filemoni mtoto huambiwa asiiguse, kisha mimi kwa huruma zangu humpa kikombe cha mtogwa, ule ulanzi mtamu ambao haujachacha, kutoka mbeta hizohizo. Mtoto angejuaje kwamba safari hii katazo ni la kweli?

Alimpaka mbwa mgongoni kwa kitambaa, akanawa, akaenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Mimi nilikuwa shambani napalilia, sikujua habari ya dawa wala ya mbeta.

Niliporudi nilimkuta Watasema amelala ubavu uani, mate yanamchuruzika, miguu inamrukaruka. Ema alikuwa amejikunyata kando yake, uso umempauka, ametapika kwenye gauni lake. Na mbeta moja ilikuwa chini, tupu. Nikaiokota, nikainusa. Haikuwa harufu ya ulanzi. Enoki, nilikaa palepale kwenye tope.

Nikamwuliza, "Ema, umekunywa?" Nikamwuliza tena kwa upole, kisha kwa ukali. Kimya. Nikamshika mabega nikamtikisa, nikamwambia asiposema nitamchapa mpaka aseme. Basi ndipo alipofunga mdomo kabisa. Nimeishi na maneno yale tangu siku ile na bado yananichoma.

Nilipiga yowe, Filemoni akaja mbio kutoka kanisani. Nilimwonyesha mbeta. Alisema, "Hiyo ni ya joshoni." Sikumwuliza zaidi. Nilimfunga mtoto mgongoni, mbeta nikaibeba mkononi wakaione hospitali. Filemoni alitaka kufuatana nami nikamwambia abaki na mbwa wake, nisimwone. Kwa hasira niliyokuwa nayo, ningemtupia ile mbeta usoni.

Njia ya hospitali ya misheni unaijua, na mvua ilikuwa imeifanya utelezi mtupu. Nilimwita Ema jina lake kila kilima, hakuitika. Nilijua yu hai kwa sababu pumzi yake ilikuwa inanigusa shingoni, na kila nilipoikosa kidogo nilisimama kusikiliza. Nilikuwa najiuliza nitakuandikia nini. Nilikuwa naanza barua yako kichwani, "Mpendwa Enoki," halafu naogopa neno linalofuata. Lori lililobeba magome ya miti ya miwati ndilo lililotuokota, dereva hakuniuliza hata nauli.

Nesi wa pale, Anyisile, aliinusa mbeta mara moja tu akaita daktari. Walimvua mtoto nguo, wakamsugua mikono na mwili kwa sabuni na maji mengi. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyejua kama amekunywa au la, na mwenyewe hasemi, wakampitishia mpira kooni kumwosha tumbo. Walimshika mikono na miguu. Mimi nilipewa kazi ya kushika kichwa. Alikuwa ananitazama muda wote, Enoki, macho yale ya marehemu mama yake, na mimi siwezi kuyakimbia.

Walipomaliza nikamlaza kifuani pangu. Akaniuliza kwa sauti iliyokwaruzwa, "Shangazi, umeshamaliza kunichapa?"

Nililia mbele za watu wote. Mtoto alidhani ule mpira ndio fimbo niliyomwahidi. Nikamwapia kwamba hakuna atakayemchapa, si leo wala kesho, hata akisema nini. Ndipo akasema.

Alitungua ile mbeta akidhani ni mtogwa. Akachovya kidole akaonja, ikawa chungu ya kuunguza, akatema. Akaitambua kwa harufu, kwamba ndiyo dawa ya Watasema. Filemoni alikuwa amempaka mgongo tu, na mbwa alikuwa bado anajikuna tumbo na masikio. Basi mwanao akamwonea huruma rafiki yake, akammiminia yote, akamsugua kwa mikono yake miwili ili apone upesi. Mbwa alipoanguka, Ema akajua amemuua. Hakunificha kwamba amekunywa. Alinificha kwamba amemuua Watasema.

Nesi Anyisile alinieleza kwamba dawa ile ya josho ni sumu ya kuua mtu, kwamba hupenya hata kwenye ngozi, sembuse yenye vidonda, na tena mbwa hujilamba mwili mzima mpaka ameimaliza. Kutema ndiko kulikomsaidia mtoto, na kuoshwa. Lakini hakuniambia kwamba hatari imekwisha, na mimi sikuthubutu kumwuliza. Aliniambia nimwangalie ganzi ya vidole, tumbo na mkojo, na nimrudishe wamtazame tena.

Sasa Watasema. Yu hai naye, ingawa hakustahili shida zote hizi. Tulipokuwa hospitali Filemoni alimfunga mdomo kwa kamba ya mgomba asijilambe, akajiviringisha magunia mikononi, akamwogesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni yote iliyokuwamo nyumbani, tena na tena. Niliporudi nilimkuta mume wangu ameketi kando ya mbwa analia. Sijamsemesha vizuri hata leo, lakini chakula nampa.

Tiba ya ukurutu tunaifanya sasa kama tulivyofundishwa, na wewe ukifuga mbwa huko uishike hivihivi. Kwanza anaogeshwa kwa sabuni, magamba yalainike. Halafu ni salfa, ule unga wa manjano, tumeununua kwenye duka la Mhindi pale Njombe, tunauchanganya na mafuta ya nguruwe yasiyo na chumvi mpaka uwe laini. Hapakwi mwili mzima kwa mara moja. Leo mguu na bega, kesho upande mwingine, na mafuta ya kwanza yanafutwa kabla ya mengine. Matandiko yake ya nyasi tunayachoma, tunaweka mapya. Mafuta ya taa hapana, oili hapana, na mtu akinitajia josho nitamfukuza uani kwangu.

Ili asijilambe, Filemoni alitoboa kitako cha kitenga cha mianzi akamvalisha shingoni. Kichwa kimo ndani, anatembea anagonga milango. Wanakijiji wanakuja kumtazama mbwa aliyevaa kitenga, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Sasa hata jina lake limepata kazi. Ema alicheka siku ya kwanza, kidogo tu, na ndicho kicheko pekee nilichokisikia tangu siku ile.

Vipele vya mtoto vina dawa yake ya hospitali, nyeupe, ya kwake peke yake. Hawalali pamoja kwa sasa. Nimemwambia mpaka manyoya yaote, naye kila asubuhi anakwenda kuyakagua kwa mbali.

Ile mbeta Filemoni aliizika mbali na kijito, ndani sana, maana nesi alikataza kuichoma. Zile nyingine alizitungua mwenyewe akazipasua kwa shoka, mimi sikumwambia. Mianzi yetu ilishakatwa ncha, inadondosha ulanzi chini, na hakuna anayekinga. Ukipita pale panasikika tone, tone, na nyuki wamejaa.

Ngozi ya viganja vya Ema inabambuka, Enoki. Kila akiamka namfinya vidole vya miguu nikimwuliza kama anasikia. Anasema anasikia. Mara nyingine anachelewa kujibu, nami hapo katikati huwa nakufa. Labda anafikiri tu, labda ana usingizi. Juma lijalo tunarudi hospitali, na naogopa kwenda kama ninavyoogopa kutokwenda.

Nina ombi moja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Usitume kitu. Andika barua ya Ema peke yake, ndogo, yenye jina lake juu, umwambie hukukasirika na kwamba hakumuua mbwa wako. Mimi nimemwambia, Filemoni amemwambia, mbwa mwenyewe anapita mbele yake na kitenga shingoni, na bado ananiuliza kama baba atamchapa akirudi. Mimi haniamini tena katika jambo la fimbo, na ana haki.

Nisalimie Efraimu na wote wa huku mlio nao kambini. Mama mkubwa Teodora anakusalimu, anasema magoti hayamruhusu lakini kinywa kinamruhusu kukuombea. Priska anakusalimu, amekuwa mpole siku hizi. Filemoni anakusalimu pia, amesimama mbali akiniona naandika, hathubutu kuja kuuliza nimesema nini juu yake. Mwambie na yeye neno, nikisikia limetoka kwako labda na mimi nitalainika.

Hapa nilisimama kidogo, Ema ameomba maji. Nimemtekea kwenye kikombe chake mwenyewe, mbele ya macho yake. Amekishika kwa mikono yote miwili, amekinusa, akaniuliza, "Shangazi, haya ni ya kwangu au ya Watasema?" Nimeonja mimi kwanza. Amenitazama, amengoja aone kama nitaanguka, ndipo akanywa.

Mungu wa baba yetu akulinde katika mkonge huo, akurudishe ukiwa na miguu yako miwili, akukutanishe na mwanao akiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata katika hofu hii,
Tabea