Dengu za Bibi Hazijaiva

Ketaki,

Dengu ziko jikoni kwenye moto mdogo, bado ngumu. Koroga kila ukipita, zisishike chini. Bibi yako akimaliza sala usimwache asimame tena, magoti yamemvimba. Baba yako akiuliza, nimekwenda kupanda kilima cha Parvati.

Sikukasirika. Tangu niolewe humu, presha kuka ikipiga filimbi nakimbilia barazani nimeziba masikio, na bibi yako anamtangazia mama Gokhale wa jirani, "Malkia wetu hapendi jiko." Jana ulimsomea karatasi ya daktari, kwamba nina usonji tangu kuzaliwa, ndiyo maana sauti kali zinaniumiza, na umegundulika sasa nina miaka hamsini na moja. Asubuhi nimemkuta anachemsha dengu kwenye sufuria ya kawaida, tangu alfajiri, jasho linamtoka. Akanisogezea kigoda. "Kaa, malkia. Leo hakuna filimbi."

Nilisimama pale nikalia kama mtoto, mpaka akachoka kunitazama akaenda kusali. Angenisema ningejua la kufanya. Hili silijui, mwanangu.

Mwambie asijitese, ~~atumie tu kuka yake, mimi nimeshazoea.~~

Nimekata hapo. Sijazoea. Miaka ishirini na sita, sijazoea hata siku moja. Mwambie wewe, mimi mdomo haufunguki.

Na kigoda kisiondolewe.

Mama