Mkono Mkavu na Mkono wa Yai

Mwaka umekatika, Dada, tangu Ijumaa ile ulipotutoka ukiwa bado umevaa aproni. Cherehani yako iko palepale dirishani, imefunikwa shuka. Wanunuzi wamekuja, tukawapa chai, wakaenda zao.

Mtaani wanakukumbuka kwa sare za shule. Walikuita Mama Pindo, wala hukukasirika. Mtoto ambaye kwao mambo ni magumu ulimwachia pindo refu ndani ya sketi, ili mwaka unaofuata lifumuliwe na sketi iteremke. Hukuwaambia wazazi. Waligundua wenyewe mtoto aliporefuka, wakaja kushukuru, nawe ukajifanya umesahau.

Sisi wa nyumbani tunakukumbuka kwa chopsi za Jumapili. Mwenye bucha hukumwamini hata chembe. Ulisimama mbele yake mpaka akate vipande vya nguruwe vya unene mmoja, na mifupa yake. Ukifika nyumbani ulivichanja kidogo pembeni kwenye mafuta ya nyama, kama unavyochanja mshono wa shingo ya blauzi kabla ya kuugeuza, visije vikajikunja kikaangoni. Ukavigonga kwa chupa, ukatia chumvi na pilipili manga. Kisha ukavivalisha, maana ulikuwa ukisema nyama haiendi motoni uchi. Unga wa ngano kwanza, halafu yai lililopigwa, halafu chenga za mkate mkavu, halafu vikakaa kidogo sahanini vizoee nguo zao.

Sheria ilikuwa moja tu. Mkono mmoja ni mkavu, wa unga na chenga. Mwingine ni wa yai. Aliyechanganya mikono ulimfukuza jikoni, ukimwambia vidole vyake vimevaa nguo kabla ya nyama. Mimi mdogo wako ulinifukuza mara nyingi kuliko wote, nikabaki na kazi ya kumenya viazi.

Siku hizo nyumba ilijaa. Mwalimu, kifungua mimba wako, alikuja na mumewe na watoto. Mhasibu, mwanao wa katikati, alikuja na njaa yake. Kitinda, wa mwisho, hakuwa na haja ya kuja, kwa sababu hakuwahi kuondoka. Alikaa nawe akishona vifungo. Walikula wakashiba, wakaondoka na mabakuli ya plastiki yaliyojaa, na mabakuli yenyewe hayakurudi.

Kisha kiharusi kikakupiga, kikachukua mkono wa kulia, mkono wa mkasi. Wahenga hawakukosea waliposema mkono mtupu haulambwi. Ghafla Mwalimu akawa na mitihani ya kusahihisha kila Jumapili. Gari la Mhasibu nalo likawa linaugua kila Jumapili, likipona Jumatatu. Ulikaa mlangoni na gauni lako zuri, unasikiliza magari ya watoto wa wenzako yakipita. Kitinda alikutazama hivyo mpaka siku moja akashindwa kuvumilia, akawaambia ndugu zake Jumapili kuna chopsi, akaenda bucha.

Mlisimama bega kwa bega mezani. Wewe kwa mkono wako wa kushoto ukashika unga na chenga, yeye akashika yai. Mwanzoni mligongana, mkacheka, chenga zikamwagika sakafuni. Baada ya muda mkawa mpishi mmoja mwenye vichwa viwili. Kitinda alikaanga, akapanga nyama sahanini, na wageni walipobisha hodi ulikuwa umeketi kitini, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa aproni, umetulia kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Watoto wakarudi. Wakala, wakasema, "Mama amepona." Nawe ukatabasamu.

Hapo, Dada, ndipo nilipokukasirikia, na hasira hiyo haijaisha. Ulituapisha mimi na Kitinda tusiseme neno. Ulisema, "Wakijua siwezi, watakuja kunihurumia. Mimi nataka waje kula." Basi walikuja kula, na wa kukuhurumia hakutokea.

Daktari alitaka uende mazoezi ya mkono kila wiki. Kitinda akaandika kwenye kundi la familia kwenye simu, akawaomba ndugu zake wapeane zamu ya kukupeleka. Mhasibu alijibu kwamba mtu anayekaangia ukoo mzima hana haja ya mazoezi. Mwalimu akaongeza kwamba Kitinda amezoea kudekezwa, sasa hata kumsindikiza mama ni kazi. Kiapo chako kilikuwa mdomoni mwa Kitinda, akakitafuna akameza. Akakupeleka peke yake kila alipoweza, na aliposhindwa mkakaa nyumbani.

Ijumaa ile ulianguka jikoni. Kitinda akawapigia simu, akawaambia hali yako ni mbaya sana. Mwalimu alisema atakuja Jumapili kama kawaida. Mhasibu hakupokea. Jumapili walifika kweli, na viti vya wageni vilikuwa vimeshapangwa uani.

Msibani Mhasibu alisimama mbele ya watu, akamgeukia mdogo wake. "Mama alikuwa mzima. Juzi tu ametukaangia kwa mikono yake. Humu ndani ulikuwa unamfanya nini?"

Nilifungua mdomo. Kitinda akanibana goti, nikanyamaza. Aliona aibu kuvunja kiapo chako na wewe hujafika kaburini. Kuanzia siku hiyo ndugu zake hawakumpigia simu, na majirani nao wakaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Asante ya punda ni mateke, tunajua, lakini haya yalikuwa mateke ya mwaka mzima.

Juzi ndugu zake wakataka tukutane nyumbani kwa ajili ya mwaka wako. Mwalimu akaagiza chopsi, "kama za Mama." Nilidhani Kitinda atakataa. Badala yake alikwenda bucha, akasimama mbele ya mwenye bucha kama ulivyokuwa ukisimama wewe. Akapanga sahani tatu mezani, ya unga, ya yai na ya chenga. Akavaa aproni yako, akatia mkono wa kulia mfukoni, na kuwaita ndugu zake jikoni.

Alichukua kipande kwa mkono wa kushoto, akakiviringisha kwenye unga, akakilaza kwenye yai. Hapo akasimama. Mhasibu akauliza huu ni mchezo gani.

"Mama alipika hivi tangu augue," Kitinda akasema. "Mkono wa yai ulikuwa wangu. Leo nataka mkono wa mmoja wenu."

Kiapo chako amekivunja, Dada, na ruhusa nilimpa mimi. Usimkasirikie.

Mhasibu alinitazama, nikaitikia kwa kichwa. Akatoka, akaenda kusimama karibu na cherehani. Mwalimu alibaki. Alikunja mkono wa blauzi, akatia vidole kwenye yai, akakiinua kile kipande, nacho kwa utelezi wa yai kikaponyoka kikaangukia kwenye chenga. Akakidaka kwa mkono mwingine. Mikono ikachanganyika yote, na vidole vyake vikavaa nguo kabla ya nyama. Hakuna aliyemfukuza.

Kwenye mafuta ya moto nguo zilivuka zote, zikaungua pembeni. Tulikula chopsi zikiwa uchi, hakuna aliyesifu, na hakuna aliyeomba bakuli la kuondoka nalo. Mwalimu alilia akiosha vyombo. Mhasibu hakula. Alipokuwa akiaga mlangoni alimwambia mdogo wake, taratibu, bila kumtazama, "Mngetuambia."

"Niliwaambia," Kitinda akajibu. "Mlikuwa mnakula."

Unakumbukwa na mimi mdogo wako, ninayemenya viazi. Na binti yako Mwalimu, pamoja na mumewe. Na mwanao Mhasibu, aliyeondoka na njaa yake. Na wajukuu wako, ambao sketi zao bado zina pindo la kuteremsha. Na Kitinda, aliyekuwa mkono wako.

Hatutakusahau, Dada, siku zote tulizojaliwa.