Nguruwe wa Nördlingen

Jumatatu, 5 Septemba 1983
Nimekwisha! Mwalimu Mkuu katangaza: Mkaguzi anakuja Ijumaa, atakaa nyuma ya darasa la sita kunisikiliza. Nikifaulu, napata cheti. Mwalimu kamili! Nikianguka, ni jembe na pamba ya baba. Na mada niliyopangiwa? Mji wa Ujerumani wa zama za kati! Mimi, mwalimu wa UPE, wa kufunzwa kazini, ambaye hata Mwanza sijafika.

Jumanne, 6 Septemba
Baiskeli hadi misheni, Ushirombo. Kumbe Padre Ansgar kazaliwa kwenye mji kama huo — Nördlingen. Bahati iliyoje! Kanichorea: ukuta wa mawe, mviringo kama chungu, malango matano, kanisa katikati. Juu ya mnara, mlinzi. Wafumaji, watengeneza ngozi, kila fani na chama chake.
Halafu hadithi ya mwaka 1440. Adui kawahonga walinzi waache lango bila kufungwa. Mwanamke mmoja akamwona nguruwe anajikuna langoni, lango likasogea. Akapiga kelele, mji ukapona! Padre anasema huenda wazee wameikoleza. Mimi nimeipenda hivyohivyo.

Alhamisi, 8 Septemba
Mwalimu Mkuu kanionya nisichekeshe watoto, Mkaguzi hapendi. Nguruwe simtoi.

Ijumaa, 9 Septemba
Siku iliyoje!
Somo lilianza vizuri. Nikauliza: lango liko wazi, walinzi wamehongwa, wewe ungefanyaje? Mbuke, binti wa dawati la mbele, kasimama: angepiga mwano, lile yowe la hatari. Nikamwambia, haya, upige tuusikie!
Mjinga mimi. Tangu sungusungu waanze kulinda vijiji huku, mwano ukilia kila mwanamume anatupa jembe na kushika upinde. Mbuke kaupiga ule wa ng'ombe walioibwa, kwa pumzi yake yote. Shamba la jirani likaupokea, na la mbele yake. Punde filimbi kila upande, wanaume hamsini wamezunguka darasa na mishale. Mkaguzi kaingia chini ya dawati. Sisemi uongo, niliona viatu tu!
Jilala, kamanda wa sungusungu, mlangoni, anahema.
"Mwizi yuko wapi?"
"Shikamoo, baba. Yuko Ulaya. Mwaka 1440."
Nikaona nikisita tu nimekwisha. Nikageukia ubao, nikaanza hadithi upya, safari hii kwa wote. Wakajaa madirishani. Mmoja kauliza: hao wafumaji, nao walikuwa na zamu ya ulinzi? Nikasema ndiyo, na wenye ngozi pia, kila mtu na zamu yake ukutani. Kampiga mwenzake begani: "Umesikia? Sungusungu hao!" Nilipofika kwa nguruwe walicheka mpaka mishale ikadondoka.
Mkaguzi katoka, kajipangusa magoti, kaandika na kuandika. Mwishoni kanipa mkono. Miaka yake yote kazini, kasema, hajaona somo la historia likiitikiwa na kijiji kizima. Nimefaulu. NIMEFAULU! Mwalimu Salvina, kamili!
Jilala peke yake hakucheka. Mwano wa uongo ni kosa, kasema. Adhabu yake ni kutengwa: husalimiwi, hupewi hata moto wa kuwashia jiko. Jumapili baada ya misa, mimi na Mbuke tufike uwanjani tuhukumiwe.

Jumapili, 11 Septemba
Naandika magotini, hapa hapa uwanjani. Sungusungu wako zaidi ya mia mbili, wanawake ni mimi na Mbuke tu. Jilala kaniuliza nina la kusema. Nimesema kosa ni langu, mtoto katii mwalimu wake. Nimesema kwa sauti, wa nyuma wasikie!
Mzee mmoja kaingilia: wale walinzi waliohongwa, walifanywaje? Nikasema waliuawa. Vichwa vikaitikia — sawa kabisa. Wakaanza kubishana, je, na aliyehonga? Kesi yangu wakaisahau kabisa.
Halafu Jilala mwenyewe, polepole: "Na yule mama aliyepiga kelele, mji ulimpa nini?"
Padre hakuniambia.
"Sijui, baba. Ninyi mngempa nini?"
Wamekwenda pembeni kushauriana. Mbuke kanishika mkono, wake wa baridi. Mimi siogopi, ajabu! Jilala anarudi, na upinde kamwachia mwenzake, mkono kaunyoosha kutusalimia —