Begi Lisilokuwa na Nguo za Mtoto

Jumamosi, 1 Septemba 1956

Leo mimi na mama tumemfungia Mwamvua begi la hospitali. Mdogo wangu ana mimba ya kwanza, na mkunga anasema mwezi huu hautakwisha kabla hajajifungua. Begi ni lile la ngozi nililorudi nalo kutoka Makerere. Tumetia kanga kuukuu, kwa kuwa mpya humkwaruza mtoto, pamba, ubani, mafuta ya nazi, mkaja, kile kitambaa kirefu cha kumfunga mzazi tumbo, na kisu kidogo cha jikoni, kibutu, kilichoanza kutu. Hicho hukaa chini ya mto wa mtoto akishazaliwa, shetani asimsogelee.

Nilitaka kutia na kikofia cha sufu nilichokifuma. Mama akakitoa kwa ncha za vidole, kana kwamba kina moto. Nguo ya mtoto haimtangulii mtoto.

"Akizaliwa kichwa wazi, je?"

"Azaliwe nacho hicho kichwa, inatosha. Wewe na vyuo vyako."

Mwamvua alicheka hata akajishika tumbo. Sikushindana. Sina hakika kwamba ninachokiita elimu ni zaidi ya desturi za watu wengine.

Mtoto wa kwanza alistahili kuja kuzaliwa kwetu, hapa Kiponda. Mumewe, Miraji, amekataa: mkewe atatoka kwake Miembeni uchungu ukishamshika, si kabla. Basi begi Mwamvua amekwenda nalo mwenyewe, akalifiche uvunguni. Macho ya watu yasiliangukie — hiyo pia ni amri ya mama.

Jumatano, 5 Septemba

Nimepita Miembeni baada ya kusomesha. Mwamvua ana alama za zambarau juu ya kiwiko. Anasema mlango ulimbana.

"Mlango wenu una vidole?"

"Dada, kunywa chai."

Nikanywa. Nimemweleza mama. Amejibu kwamba ndoa ni nguo ya ndani, haianikwi barabarani.

Jumamosi, 8 Septemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Asubuhi Miraji aliinama uvunguni kutafuta viatu, akalikuta begi. Akalimwaga sakafuni. Kanga, kanga, kanga.

"Hizi zote za mwanamke. Za mtoto ziko wapi?"

Mwamvua akamwambia hazitiwi, mama kakataza. Akamwambia aulize mwanamke yeyote mtaani.

"Umefunga virago. Unamkimbilia nani?"

Alianza na mkanda. Kisha akalishika begi lenyewe kwa mpini na kumpiga nalo usoni. Pembe ya shaba imempasua mdomo na kung'oa jino. Alipoanguka alijikunja kulifunika tumbo, na kwa kuwa mgongo ndio uliobaki wazi, akampiga mateke ya mgongo. Mwisho akauokota mkaja, akamzungushia shingoni.

Usi, seremala wa nyumba ya pili, aliuvunja mlango kwa bega. Anasema alimkuta Miraji ameshika ncha mbili za mkaja, anavuta polepole, kama mtu anayefunga mzigo. Akampiga nyundo mkononi, ndipo akaachia. Amemleta Mwamvua kwa teksi, na vitu vyake amevisomba ndani ya lile begi. Damu imekauka kwenye pembe.

Mkunga ameweka sikio tumboni. Mtoto yu hai. Anapiga mateke naye.

Ningalikitia kikofia kile, huenda Miraji angalikiona. Nimelifikiri hili mchana kutwa. Kisha nikafikiri: Miraji kazaliwa Unguja, na mama yake, Bi Mwanakhamis, kazaa watoto kadhaa. Desturi anaijua. Huenda hakukosea hata kidogo. Huenda alihitaji kosa tu, nasi tukampa. Sijui ipi kati ya hizo ni afadhali kuiamini.

Jumatatu, 10 Septemba

Miraji amekuja, mkono umefungwa bendeji, na kibati cha halua. Ami Pandu, ndugu wa marehemu baba, ndiye walii wetu, naye ndiye aliyesikiliza. Miraji alilia. Machozi yalikuwa ya kweli. Nilimtazama kwa makini, na hilo ndilo linalonitisha.

Ami akasema mke akikaa kwao bila idhini ya mumewe ni nashiza, hana haki ya kula wala kuvaa. Atarudi Jumatano.

"Ami, atamuua."

"Mbona hakumvunja hata mfupa."

"Kamng'oa jino."

"Jino si mfupa, mwanangu."

Nikataja polisi. Akaniuliza kwa upole kama ninataka mtoto azaliwe baba yake yumo jela, na kama nitamlea mimi, nisiyeolewa, kwa vitabu. Mama aliitazama halua. Mwamvua alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia yote.

Jumanne, 11 Septemba

Tumelifunga begi upya. Mama kaufua mkaja na kuupiga pasi, doa limebaki. Mwamvua akautoa.

"Huo siufungi tena."

"Tumbo litalegea."

"Na lilegee."

Kisha akakichukua kile kisu. Akakaa kizingitini, akateremsha kinoo, akakinoa. Ananoa kwa uangalifu, upande huu, upande ule, kama alivyokuwa akichonga penseli zangu nilipokuwa ninasoma.

"Shetani huogopa chuma tu," mama akamwambia. "Hapimi makali."

"Basi haidhuru kikiwa kikali, mama."

Mama alicheka kidogo. Mimi nilitaka kucheka. Alikijaribu kwenye ukucha, akakifunga kwa kitambaa cheupe, akakitia begini juu ya kanga zote. Nilimwona akikitia. Nayaandika haya ili kesho nisijidanganye kwamba sikukiona.

Huenda ninasoma lisiloandikwa. Ni ada yangu.

Jumatano, 12 Septemba

Alasiri. Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi, begi miguuni pangu.

Miraji amekuja kumchukua mkewe. Amevaa kanzu safi, amempa mama shikamoo ya adabu. Ami akasema wapewe chumba cha juu kwa muda, wasameheane kabla ya kutoka. Mwamvua akasema vyema. Tangu asubuhi ninamwona akisimama ghafla, akiegemea ukuta, akihema, kisha akiendelea na kazi. Nilimwuliza kama ni uchungu. Akasema ni mgongo tu. Uchungu ungalimpeleka hospitali moja kwa moja na kumtoa mikononi mwa Miraji. Kwa nini aufiche?

Alipokuwa akipanda alinikabidhi begi. "Likae kwako, dada."

Nimelifungua, nitie kikofia changu. Mama asijue. Kanga zimo. Pamba imo. Kitambaa cheupe kimo, kimekunjwa vizuri. Hakina kitu ndani.

Huenda kisu amekiweka chini ya mto, kama desturi. Lakini desturi ni mtoto akishazaliwa. Huenda amekiacha jikoni. Huenda anataka tu kukishika, ajue kwamba anacho. Kila ninaloliandika lina akili, na kila moja linanibakisha hapa nilipokaa.

Miraji anasema jambo kwa sauti ya chini. Sasa sauti imepanda. Kitu kizito kimegonga sakafu — kiti, nadhani.

Nimeita, "Mwamvua." Tangu utotoni, akiitwa, huitika naam. Hakuitika.

Nimeita tena.

"Usiingie, dada."

Sauti yake haitetemeki. Ya Miraji siisikii. Chini ninasikia hatua za mama: anapanda na sinia la kahawa, vikombe viwili.