Umejuaje, Mama?

Makambako

Mdogo wangu Tumaini,

Kamwene. Baridi ya Lupembe inawatendaje? Miguu ya mama yetu imepungua kuuma? Mimi upepo wa huku nimeuzoea, viazi vinatoka sokoni, Mungu anasaidia. Nimeandika maana kwenye simu nitaishia kugomba.

Upendo wangu amemaliza likizo. Nasema wangu, usinune. Nimemzaa mimi, hata kama analala na kusoma kwako.

Sikia alichofanya. Alikuja kijana na miche ya parachichi, mashina yamezungushiwa nailoni. "Hii imebebeshwa, mama, imeungwa na kikonyo cha mti unaozaa tayari, inazaa upesi. Jirani yako Mama Riziki ameshachukua. Au wewe unapenda kuangalia vya wenzako?"

Weee! Unanijua. Mama Riziki anitangulie mimi? Nikaingia ndani kufuata hela. Nyuma nikamsikia Upendo:

"Kaka, umejuaje kwamba inazaa upesi?"

"Wataalamu wamesema."

"Wataalamu gani? Na mti mlikokata vikonyo vya kubebeshea uko wapi, tukauone?"

"We dada, umekuwa polisi?"

Nilipotoka, Upendo alikuwa ameshafungua nailoni. Mdogo wangu, shina laini, hakuna kiungo wala kovu! Mche wa kokwa tu, umefungwa bandeji kama mgonjwa. Na mimi mtoto wa mkulima sikutazama, kisa Mama Riziki. Kijana akapakia miche kwenye bodaboda, hata kuaga hakuaga.

Mtaa mzima nimeutangazia. Mama Riziki mwenyewe alikuja kuomba mwanangu akamkagulie yake. Nikamkaribisha chai, nikajisemea kwa raha, "Akili ya huyu ni yangu tupu."

Upendo akacheka. "Umejuaje, mama? Mama mdogo ndiye hunichezesha. Tukimenya viazi ananiambia mambo mawili, moja la uongo, nilikamate."

Mbele ya Mama Riziki! Tumaini, nimekuonea wivu mpaka chai ikanishinda. Mimi nauza viazi ili asome, wewe unamenya naye.

Jioni nikamwambia abaki, shule za huku ndizo nzuri.

"Nani kasema, mama? Na yeye anapata nini?"

"Nimesema mimi. Nakupata wewe."

Akanikumbatia muda mrefu. Halafu akaendelea kupanga begi.

Basi anarudi, na barua hii kaibeba yeye. Shemeji msalimie sana. Sweta la mama yetu limo kwenye begi. Mchungaji mwambie bado naimba kwaya, na bila mimi sauti ya kwanza haisimami. Likizo ijayo umlete mwenyewe, tumenye viazi sote watatu.

Akikuuliza kama nililia alipoondoka, mwambie hapana. Ila jiandae, atakuuliza umejuaje.

Dada yako akupendaye,
Mama Upendo, yule wa kumzaa